Kwinini ya kaunta

*Konyagi kwa toniki imebeba sifa ya kinga ya malaria kwa vizazi kadhaa. Ndani ya chupa kwinini imo kweli. Kinachokosekana ni kipimo, na kipimo ndiyo dawa yenyewe.*

TANGA. Taa za baa hii ni za zambarau, zile zinazofanya shati jeupe liwake gizani. Mteja aliyeketi pembeni mwa kaunta amefunga zipu ya sweta mpaka kidevuni, ilhali joto la usiku huu linawatoa watu jasho hata wakiwa wamekaa tu. Mhudumu anamfahamu.

"Pole kaka, homa bado?"

"Leo inaisha, dada. Nipe Konyagi ndogo na toniki ya baridi. Usisahau ndimu."

Konyagi inatangulia kwenye bilauri, haina rangi wala mng'ao. Inafuata toniki, na hapo bilauri nzima inawaka buluu hafifu. Mhudumu hashangai, mteja hashangai. Mwanga huo wameuzoea. Ni kwinini. Hata ikiwa kidogo sana, kwinini hung'aa ikipigwa na miale ya taa za namna hii, na hakuna kingine ndani ya bilauri ile kinachofanya hivyo.

Kwa hiyo mteja huyu hasemi uongo anaposema anakunywa dawa. Dawa imo. Ila hii ni siku ya tatu ya homa yake, na bado hajapima.

Kwa malaria, siku tatu ni nyingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka mgonjwa apimwe na aanze dawa ndani ya saa 24 tangu homa ianze, kwa sababu kimelea kinachotawala huku kwetu, Plasmodium falciparum, kinaweza kumgeuza mtu aliyekuwa akitembea asubuhi kuwa mahututi kabla ya kesho yake. Mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kufika 597,000 duniani. Asilimia 95 ya vifo hivyo ilikuwa Afrika, na wengi waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Watoto hawanywi Konyagi. Lakini baba anayejitibu kwa chupa mara nyingi ndiye mwenye kauli, mtoto akichemka usiku, kama wataondoka sasa hivi kwenda zahanati au watasubiri kukuche.

Uchungu unaoaminika

Waumini wa kinga hii si wa kutafutwa kwa tochi. Taja malaria na toniki kwenye meza moja, kila mtu atatoa lake. Mmoja alikuwa na mjomba aliyepiga toti ya gongo kila jioni ya masika na anaapa mjomba huyo hakulazwa hata mara moja. Mwingine aliambiwa na waliomtangulia kwenye mashamba ya mkonge kwamba asiyekunywa hadumu kambini. Wa tatu hanywi kwa ajili ya malaria, anakunywa "kuua wadudu wa tumboni", na kwake mdudu ni mdudu.

Ukiwasikiliza bila haraka utaona hawasemi ovyo. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki amefundishwa tangu utotoni kwamba dawa ya homa ni chungu: maji ya mwarobaini, shubiri, klorokwini iliyogandia kooni, kwinini ambayo ladha yake haisahauliki. Pwani, ambako wengi hawagusi kilevi kwa sababu ya dini, uchungu huo hufuatwa kwenye majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na imani ni ileile. Toniki ni chungu. Kwa nini isiwe dawa?

Halafu kuna spiriti. Kila aliyewahi kuchomwa sindano ameiona pamba iliyochovywa spiriti ikipitishwa kwenye ngozi yake. Kama inaua vijidudu vya nje, watu huuliza, ishindwe vipi na vya ndani?

Lakini penye mtego mkubwa zaidi ni kwenye jasho. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Vimelea hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha hupasua chembe hizo kwa mafungu. Fungu likipasuka mwili hutetemeka, huchemka, halafu hulowa jasho na kupoa. Aliyepiga toti mbili jioni akaamka amepoa ataisifu toti. Angekunywa maji matupu angeamka amepoa vilevile. Na homa ikirudi kesho kutwa, atasema alikunywa kidogo.

Tusiwalaumu kwa haraka. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikahamia dawa nyingine, SP, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia dawa mseto, ALu. Kwa mtaalamu hayo yalikuwa mabadiliko ya sera, tena yaliyookoa maisha. Kwa mzee wa kijijini ilikuwa hospitali ileile kumpa dawa tatu tofauti ndani ya miaka sita, na kila mara kumwambia hii ndiyo yenyewe. Chupa ya kaunta haikubadilika. Klorokwini nayo iliwafanya wengi wajikune usiku kucha, na aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini anakumbuka masikio yalivyovuma kwa siku kadhaa. Mtu akiikwepa dozi kwa sababu hizo, ana sababu.

Mti wa Andes, divai ya mabaharia

Kwinini hutoka kwenye magome ya mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mapadri wa Kijesuiti waliyafikisha magome hayo Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1820, jijini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walifaulu kuitenga kwinini yenyewe, na tangu hapo dawa ikaweza kupimwa kwa mizani badala ya kukisiwa kwa konzi ya unga wa magome.

Kilevi kiliingia kwa sababu ya kawaida kabisa. Kwinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, lakini kwenye pombe inayeyuka. Tena ni chungu kiasi cha kumfanya askari aiteme mgongo wa daktari ukigeuka. Divai ilitatua yote mawili: iliibeba dawa na kuificha ladha. Pombe ilikuwa mpagazi. Mzigo ulikuwa kwinini.

Na mzigo huo ulifanya kazi. Mwaka 1841 msafara wa Waingereza kwenye mto Niger ulipoteza karibu thuluthi ya Wazungu wake kwa homa. Mwaka 1854 daktari William Balfour Baikie aliupanda mto huohuo na mto Benue kwa meli ya Pleiad, akawapa watu wake kwinini mapema, kabla hawajaugua, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyekufa. Jeshi la wanamaji la Uingereza likawa linawapa mabaharia wa Afrika Magharibi kwinini ndani ya divai. Huko Ufaransa, Joseph Dubonnet alitoa mwaka 1846 divai yake yenye kwinini, ambayo mpaka leo inauzwa kwa jina lake.

> Pombe ilikuwa mpagazi. Mzigo ulikuwa kwinini.

Toniki ilifuata. Mwaka 1858, London, Erasmus Bond alisajili hataza ya kinywaji chenye gesi kilichotiwa kwinini. Hadithi tuliyorithi inasema maofisa wa Kiingereza nchini India walikuwa wakitia gin kwenye kwinini yao ya kila siku ili imezeke, na kwamba hivyo ndivyo gin na toniki ilivyozaliwa, kama dawa.

Kim Walker na Mark Nesbitt, watafiti wa mimea wa bustani ya Kew, London, waliipekua historia hiyo na kuchapisha kitabu mwaka 2019. Walichokuta hakifanani na hadithi. Gin na toniki inaonekana kwenye maandishi mwaka 1868, katika jarida la michezo la huko India, watu wakiiagiza kujipoza kwenye mashindano ya farasi. Ilikuwa burudani ya jua kali. Wagonjwa wa malaria walipewa kwinini iliyopimwa, mbali na bilauri ya jioni.

Hapo ndipo mambo mawili yalipochanganyika. Divai ya mabaharia ilikuwa na dozi. Toniki ya kwenye mashindano ya farasi haikuwa nayo. Zote zikaachia midomoni uchungu uleule, na kizazi kilichofuata kikakumbuka uchungu kikasahau mizani.

Schnaps isiyo na kilevi

Msomaji wa Tanga hana haja ya kwenda India kuyaona haya. Apande Amani, wilayani Muheza, kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Huko Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo sinkona.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, manowari za Waingereza ziliifunga bahari na dawa kutoka Ulaya zikakatika. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi jeshi lake lilivyojitengenezea vidonge vya kwinini kwa magome ya koloni lenyewe. Liliposukumwa kusini na vidonge kwisha, magome yakachemshwa tu na maji yake kunywewa. Askari wakayaita Lettow-Schnaps. Schnaps ni pombe kali ya Kijerumani, lakini kwenye sufuria ile hamkuwa na kilevi. Mlikuwa na maji mabaya yanayonyweka kwa taabu, yenye kwinini ndani.

Wapagazi walioibeba vita ile mabegani, kwa pande zote mbili, walikufa kwa makumi ya maelfu. Magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi.

Nakitaja kisa cha Lettow-Schnaps kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho baa haiwezi kukionyesha. Ukiondoa kilevi, ukaondoa sukari, ndimu na barafu, ukabaki na gome lililochemka, bado una dawa. Ukiondoa gome ukabaki na vingine vyote, huna kitu.

Hesabu ya chupa

Sheria ya Marekani inaruhusu toniki iwe na kwinini isiyozidi miligramu 83 kwa lita. Tuchukue kiwango hicho cha juu kabisa, ingawa toniki nyingi ziko chini yake. Chupa ya mililita 300 itakuwa na miligramu 25 hivi.

Kidonge kimoja cha kwinini cha hospitali kina miligramu 300. Hizo ni chupa 12.

Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini humeza viwili kila baada ya saa nane, kwa siku saba. Kwa toniki hizo ni chupa 24 kwa mkupuo mmoja na chupa 72 kwa siku. Mpaka dozi iishe ni chupa 504, zaidi ya lita 150, na mgonjwa awe amezinywa bila kuruka hata usiku mmoja.

> Dozi ya siku moja ya kwinini ni sawa na chupa 72 za toniki. Mteja wa kaunta hunywa mbili, tatu.

Watafiti wa Ujerumani walilijaribu jambo hili kwa watu wazima wenye afya na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Watu hao walikunywa kati ya nusu lita na lita nzima ya toniki ndani ya robo saa, kisha damu yao ikapimwa. Kwinini ilionekana, lakini kwa kiwango kisichotosha kutibu wala kukinga kwa uhakika, tena kilishuka upesi.

Je, kilevi chenyewe? Konyagi ina kilevi asilimia 35. Kikifika kwenye damu kimeshachanganyika na maji ya mwili mzima. Hata mlevi wa kubebwa damu yake haifiki asilimia moja. Kilevi cha asilimia 0.4 hivi kwenye damu kinatosha kumuua binadamu. Kimelea kimejificha ndani ya chembe nyekundu, na mwenye mwili atatangulia kufa.

Kuna hatari nyingine ambayo baa haizungumzi. Malaria hushusha sukari ya damu. Kilevi nacho hulizuia ini lisitengeneze sukari, hasa kwa mtu ambaye hajala. Kwinini ya dozi kamili nayo huufanya mwili umwage insulini, na sukari ikashuka zaidi. Mgonjwa wa homa ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, akapiga toti, halafu usiku akapewa dripu ya kwinini, amekusanya yote matatu.

Baya kuliko hayo ni kwamba malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apepesuke, aropoke, kisha alale asiamke. Kama amekunywa, wenzake watasema amelewa. Watamfunika shuka, wamzimie taa, waende kulala. Sijui kosa dogo zaidi lenye gharama kubwa kama hili.

Mbu na pombe ya mtama

Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi Burkina Faso walichapisha jaribio ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila kilabu cha pombe. Waliwapa wanaume dolo, pombe ya mtama inayonywewa huko kama sisi tunavyokunywa komoni na mbege, na wengine wakawapa maji. Kisha wakaipitisha harufu ya miili yao kwa mbu aina ya Anopheles gambiae, ambao ni miongoni mwa wanaotusambazia malaria. Waliokunywa pombe waliwavuta mbu zaidi kuliko walivyokuwa wakiwavuta kabla ya kunywa. Kwa waliokunywa maji, hakuna kilichobadilika.

Jumlisha na hili la kwetu: mnywaji hukaa nje usiku, mikono na miguu wazi, na akirudi nyumbani chandarua hakikumbuki. Pombe aliyoichukua kama kinga imemweka mezani kwa mbu.

Homa nyingine, chupa ileile

Mtu angeweza kusema haya ni ya zamani na ya malaria tu. Mwaka 2020 ulionyesha vingine. Korona ilipoingia, imani hii ilivuka mipaka kwa kasi iliyolingana na ya virusi.

Nairobi, mwezi Aprili mwaka huo, Gavana Mike Sonko alitangaza kwamba kwenye vifurushi vya chakula vya wananchi kutakuwa na chupa ndogo za konyaki ya Hennessy, za kutakasa koo. Kampuni inayotengeneza kinywaji hicho ilitoa taarifa kueleza kwamba kukinywa hakumkingi mtu na virusi. Kitakasa mikono kinatakiwa kiwe na kilevi cha asilimia 60 na zaidi, na kazi yake ni kwenye ngozi. Konyaki ya asilimia 40 inayopita kooni na kutelemka haifanyi kazi hiyo.

Iran haikuwa na konyaki. Pombe ni haramu kisheria huko, na habari kwamba kilevi kinaua virusi ikawapeleka watu kwenye pombe za magendo zenye methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Maofisa wa afya wa nchi hiyo walitaja vifo zaidi ya 700 ndani ya majuma machache ya mwanzo wa janga. Kenya inaifahamu sumu hiyo bila kuhitaji kuelezwa: Novemba 2000 pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Tunapomwambia mtu maskini kwamba kilevi ni kinga, hatajitibu kwa konyaki ya Kifaransa. Atajitibu kwa kile anachokimudu.

Toniki nayo ilipata siku zake. Machi 2020 Rais Donald Trump wa Marekani alipoanza kuisifia haidroksiklorokwini, watu wengi waliunganisha majina yanayofanana wakakimbilia toniki. Haidroksiklorokwini hutengenezwa kiwandani na si kwinini ya gome. Na hata yenyewe, jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha Juni mwaka huo kwamba haikuwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa.

Magome ya Bukavu

Wakati huohuo kwinini haijawa historia. Viwanda vya dunia bado huitoa kwenye magome, kwa kuwa kuiunda kwa kemikali tupu ni ghali mno. Kabla ya Vita Kuu ya Pili karibu kwinini yote ilitoka Java. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, macho yakageukia Afrika, na vilima vya Kivu, mashariki mwa Kongo, vikapata nafasi yao. Bukavu ina kiwanda cha Pharmakina cha kukamua magome hayo. Kampuni ya Uingereza ya Fever-Tree, iliyoanza kuuza toniki mwaka 2005, hujitangaza kwa kusema kwinini yake inatoka upande huo wa Kongo.

Kwa hiyo mkulima wa Kivu Kusini, anayezungumza Kiswahili sokoni kila siku, anabandua gome ambalo sehemu yake huishia kwenye gin za London. Sioni ubaya. Mkulima anastahili soko, na toniki ni kinywaji kizuri kwa anayeipenda. Ninachotaka ni kwamba gome likishakuwa kinywaji lihesabiwe kuwa kinywaji. Umoja wa Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuitaja kwinini kwenye lebo. Ningependa lebo zetu ziongeze kiasi kwa miligramu, ili kila mnywaji aione hesabu kwa macho yake.

Wakati gome likielekea kaunta, hospitalini kwinini ilikuwa ikipitwa. Kati ya mwaka 2005 na 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika walishirikishwa kwenye jaribio la AQUAMAT, nusu wakipewa sindano ya kwinini na nusu sindano ya dawa nyingine, artesunate. Katika kundi la kwinini walikufa asilimia 10.9; la artesunate, asilimia 8.5. Mwaka 2011 WHO ikapendekeza artesunate iwe chaguo la kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio hilo. Wilaya ambayo Wajerumani waliipandia sinkona ndiyo iliyosaidia kuishusha kwinini kwenye kiti chake.

Imeshuka, haijafukuzwa. Artesunate ikikosekana, hospitali huirudia kwinini. Na kuna wasiwasi mpya: vimelea vyenye dalili za kuizoea artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto, vimeonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Wataalamu wanazilinda kwa wivu dawa zilizobaki, na wanarudia jambo moja kila wanapopata msikilizaji: dozi kamili, kwa aliyepimwa akakutwa nayo.

Siku ya kwanza ya homa

Kipimo cha haraka cha malaria hakihitaji umeme wala hadubini. Mhudumu anatoboa ncha ya kidole, anachukua tone la damu, anaongeza matone ya kimiminika, na baada ya dakika 15 hadi 20 mstari wa pili unatokea au hautokei. Kinapatikana mpaka kwenye zahanati za vijiji. Usipotokea, hiyo nayo ni habari kubwa: homa ina chanzo kingine, huenda dengi, nimonia au maambukizi ya mkojo, na kila kimoja kina tiba yake ambayo haiuzwi kaunta.

Ukitokea, na mgonjwa ni mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi asiye na dalili za hatari, dawa ni mseto. Vidonge vinne mara tu majibu yanapotoka. Vinne vingine baada ya saa nane, hata zikiangukia saa tisa usiku; hapo kengele ya simu isaidie. Kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, vikifuatana na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta dawa hii hainyonywi vizuri tumboni. Jumla ni vidonge 24. Homa kwa kawaida huondoka vikiwa bado viko zaidi ya kumi kwenye karatasi yake, na hivyo navyo vinatakiwa kumezwa.